Mbuta na nduaro hawavuliwi kwa mkono mmoja

Ndugu, unauliza kama ujuzi wa kuvua mbuta huku Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria kule Kisumu, utakutosha ukienda Watamu, pwani ya Kenya, kutafuta nduaro na sulisuli, samaki wa baharini wenye pua ndefu kama mkuki. Nusu tu. Kukokota chambo nyuma ya boti unakujua. Tatizo ni mkono wetu: mbuta akigusa tu, tunavuta fimbo kwa mshtuo. Ukiwa na ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, mshtuo huo unaing'oa. Mwache samaki aondoke na chambo, kisha kaza mshipi taratibu. Ndoana itajinasa yenyewe pembeni mwa mdomo, si tumboni. Breki ya rili, kigurudumu cha kukunjia mshipi, iwe kama theluthi ya nguvu ya mshipi: mshipi wa kilo 37, breki kilo 12 hivi. Akiruka, inamisha fimbo kuelekea kwake, usivutane naye.

Halafu jiandae kisaikolojia. Huku mbuta ni mnofu wa kiwanda na mgongo wazi wa Obunga, mtaa wa Kisumu, yaani mifupa inayobaki mnofu ukishatolewa. Kule nduaro mara nyingi huwekewa alama na kuachiliwa, tena bila kupandishwa botini. Mimi bado hunikera kidogo! Nenda wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi.