Anthuriamu yako haina kiu, mizizi ndo inaoza

Pole dada, nimekusoma. Unasema anthuriamu yako, hilo ua la chungu, ipo kona ya sebule nyuma ya tivii, unamwagilia kila asubuhi, majani yanageuka njano na maua hujaona tangu Juni. Mimi niko hapahapa Arusha na yangu ilinifanyia hivyohivyo, nikadhani ina kiu nikazidi kuongeza maji kumbe naiua.

Ichomoe kwenye chungu leo uangalie mizizi. Mzima ni mgumu, mweupe mweupe, ila uliooza ukiuminya ganda linateleza unabaki na kauzi tu mkononi na harufu ya tope, huo kata wote kwa kisu safi. Asili yake ni Amerika ya joto, nyingi huko zinaota juu ya miti, kwa hiyo mizizi inataka hewa, usirudishie udongo mtupu wa shambani, changanya na makumbi ya nazi na vipande vya mkaa, na chungu kiwe na matundu chini.

Maji, ingiza kidole kwanza, pakikauka ndo umwagilie. Maua yanaletwa na mwanga, isogeze dirishani penye pazia jepesi maana jua kali linababua majani, ila miezi hii ya baridi jioni itoe hapo. Mbolea subiri jani jipya.

Halafu huyo mwanao anayetambaa, tafadhali iweke juu, utomvu wake unawasha mdomo na koo. Akitafuna msuuze mdomo, ukiona anavimba au anapumua kwa shida kimbia hospitali usisubiri.