Mbwa mdogo anayechagua chakula na kusumbua majirani ghorofani: jibu kwa aliyeuliza

Dada uliyeuliza, nimelisoma swali lako kwa makini. Umepewa mbwa mdogo wa aina ya Maltese, unaishi ghorofani, na mambo matatu yanakusumbua: ananusa chakula na kukiacha, anauma vidole vya miguu vya kila anayepita sebuleni, na majirani wameanza kunung'unika. Mimi ninaishi na mbwa wa aina hiyo hiyo hapa Dar es Salaam, katika jengo lisilo na uwanja, naye anaitwa Bisi kwa sababu ni mweupe na hatulii mahali pamoja. Nitakujibu kwa kirefu zaidi katika suala la chakula, kwa kuwa hapo ndipo mbwa wadogo huharibiwa na mapenzi ya wenye nyumba, kisha watu wakasema kwamba mbwa kazaliwa hivyo.

Jambo la kwanza ni kutenganisha deko na ugonjwa. Mbwa anayedeka hukataa kilichomo bakulini, lakini macho yake ni maangavu, mkia unacheza, na ukifungua karatasi ya mishikaki utamkuta miguuni pako kabla hujaketi. Mbwa mgonjwa hukataa hata kile alichokuwa akikiiba. Ukiona amejikunja pembeni, ufizi wake umepauka, mkojo umekuwa wa kahawia, au anatapika na kuharisha damu, usipoteze muda kumbembeleza kwa maini ya kuku. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usijipe moyo kwamba yuko ghorofa ya tatu na kupe hawamfikii, kwa sababu kupe wa kahawia wa mbwa huweza kuishi na kuzaliana ndani ya nyumba, katika nyufa za kuta na nyuma ya mbao za milango, naye ndiye anayeeneza vimelea vya Babesia na bakteria wa Ehrlichia ambao humdhoofisha mbwa na kumpunguzia damu. Tazama na kinywa pia. Mbwa mzima ana meno 42, na katika taya dogo kama la Maltese meno hayo hubanana, mabaki ya chakula hukaa katikati, na mara nyingine meno ya utoto hukataa kung'oka hata baada ya yale ya ukubwani kuota. Mbwa anayechukua punje ya chakula, akaitafuna kidogo na kuiangusha, huenda hachagui kabisa, bali anaumwa na jino.

Akiwa mzima wa afya, fanya hesabu ambayo watu wengi hawaifanyi. Maltese aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 3 hadi 4 hivi, na mbwa wa kilo 3 anayekaa ndani anahitaji takribani kilokalori 200 hadi 250 kwa siku nzima. Yai moja la kuchemsha lina kama kilokalori 70, yaani karibu theluthi ya mahitaji yake, na chapati moja iliyopikwa kwa mafuta inaweza kuyamaliza yote na kubakisha. Sasa tazama jinsi siku inavyokwenda katika nyumba zetu. Asubuhi mtoto anamkatia kipande cha chapati, saa nne dada wa kazi anampa ngozi ya kuku, mchana shangazi aliyekuja kutembea anamhurumia kwa andazi, na jioni wewe unarudi kazini, unaweka bakuli chini, anakinusa chakula na kukigeuzia mgongo. Hapo unasema anachagua, ilhali ameshiba tangu saa sita. Tena akikigeuzia mgongo unaingiwa na wasiwasi na kumpa kitu kitamu zaidi, naye anajifunza kwamba bei hupanda kila akikataa. Kwetu mambo yalitengemaa tulipobandika karatasi kwenye mlango wa jokofu, kila anayempa kitu akaandika, hata kiwe kidogo namna gani. Watoto waliipenda kazi hiyo kuliko nilivyotarajia. Wageni walicheka, lakini nao wakaandika.

Baada ya hapo utaratibu ni mwepesi kuueleza, ingawa kuutekeleza kunahitaji roho ngumu. Weka bakuli kwa saa ile ile kila siku, liache kwa dakika 15 hadi 20, kisha liondoe bila maneno na bila hasira, wala usimpe chochote hadi mlo unaofuata. Mbwa mzima mwenye afya hadhuriki kwa kukosa mlo mmoja, ila akipitisha siku nzima bila kula, daktari amwone. Lakini tafadhali zingatia umri, kwa sababu hukuutaja. Mtoto wa mbwa wa aina ndogo, hasa aliye chini ya miezi minne, hana akiba mwilini, na akikaa na njaa kwa saa nyingi sukari ya damu hushuka, akawa mnyonge, akatetemeka, akayumba na hata kupata degedege. Huyo hulishwa mara tatu au nne kwa siku, na utaratibu wa kuondoa bakuli haumhusu kabisa. Ukiona dalili hizo, mpake asali kidogo kwenye ufizi na uondoke naye kwenda kwa daktari wakati huo huo.

Kuhusu aina ya chakula, wali au ugali kwa nyama peke yake hauwatoshi kwa madini, hasa kalisi, kwa hiyo mimi hutumia chakula kikavu cha mbwa kilicholowekwa kwa maji ya uvuguvugu, nikaongeza nyama ya kuku au samaki asiye na mwiba, iliyochemshwa bila kiungo chochote. Uvuguvugu huamsha harufu, na mbwa huamua kwa pua kabla ya ulimi. Mabaki ya mchuzi usimpe hata kidogo. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi, vilivyopikwa au vya unga, na sijui mchuzi gani wa nyumbani kwetu unaopikwa bila kimoja wapo. Pilau ina vyote viwili, na wengine huongeza zabibu kavu, ambazo zinaweza kuua figo za mbwa. Chokoleti, mifupa ya kuku iliyopikwa, na pipi za kutafuna zisizo na sukari zenye zailitoli (kitia utamu badala ya sukari) navyo viwekwe mbali. Siku za sikukuu, nyumba ikijaa watu na sahani zikiwa sakafuni, Bisi hufungiwa chumbani na mfupa wa mpira, na sioni kuwa ni ukatili.

Nikiri pia kwamba kuna madeko ambayo hayana tiba na hayahitaji tiba. Bisi hali punje akiwa amesimama bakulini. Huzibeba moja moja hadi kwenye mkeka, akazipanga, akazila kwa utaratibu anaoujua mwenyewe. Kitanda chake kipo, lakini akiona kanga iliyotoka kupigwa pasi na kukunjwa, hapo ndipo atakapolala, na kadiri kanga ilivyo mpya ndivyo usingizi unavyokuwa mzito. Wakati wa masika hatii mguu kwenye majani mabichi. Hunyanyua mguu mmoja, akaurudisha, akanitazama kama vile mvua nimeinyesha mimi. Hata hivyo, baadhi ya visirani vina sababu ukichunguza. Aliwahi kulikimbia bakuli lake la bati kwa muda, tukadhani ni ukaidi mpya, kumbe kibati cha jina kilichoning'inia shingoni kilikuwa kikigonga ukingo wa bakuli kila akiinamisha kichwa, na sauti ile ilimtia hofu. Tulimbadilishia tukampa sahani bapa ya udongo na mambo yakaisha siku ile ile.

Sasa vidole vya miguu. Mbwa mdogo ana nguvu za kucheza ambazo hazilingani na ukubwa wake, na akikosa mchezo uliopangwa atautengeneza mwenyewe kwa ndala zako. Akiinamisha kifua chini na kuinua makalio huku mkia ukipepea, anakualika mchezoni, hana ubaya. Ukitoa mguu kwa kelele na kukimbia, kwake wewe umekubali mwaliko. Simama tuli, nyamaza, geuza uso, na meno yakigusa ngozi tena toka chumbani kwa muda mfupi, halafu rudi na umpe kamba ya kitambaa ya kuvutana. Muhimu ni nyumba nzima ifanye hivyo, pamoja na yule mjomba anayemchokoza kwa makusudi na kucheka. Kati ya miezi minne na saba meno yanabadilika na ufizi unawasha, hivyo kitambaa kilicholoweshwa na kugandishwa kwenye friza humsaidia sana. Sisi hucheza mara mbili kwa siku, kabla ya chakula cha asubuhi na cha jioni, na hilo huongeza hamu ya kula kuliko kiungo chochote. Usiwaruhusu watoto wamrushe au wamwachie kutoka kochini: mifupa ya mikono ya mbele ya mbwa hawa ni myembamba na huvunjika kwa kuanguka kutoka kimo ambacho sisi tunakiona si kitu, na pia za magoti yao huteguka kirahisi, hasa kwenye sakafu ya vigae inayoteleza. Tandika mkeka au zulia pale anapokimbilia. Kamba ya kutembelea ifungwe kwenye mkanda wa kifuani badala ya shingoni, kwa kuwa njia yake ya hewa ni laini na ikibanwa mara kwa mara ataanza kukohoa.

Majirani ni suala la adabu zaidi kuliko la mbwa. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyevaa kanzu safi na kutia udhu, akashuka ngazi kwenda msikitini, akakutana na mbwa anayemrukia kwa furaha, hana sababu ya kuifurahia furaha hiyo. Kwa hiyo Bisi hakanyagi ngazi za jengo. Hubebwa mikononi hadi nje na kurudi, na nyakati za swala hatushuki naye isipokuwa kwa dharura. Nilimwendea bibi wa mlango wa pili nikampigia hodi, nikampa shikamoo, nikamweleza kwamba tunaye mbwa na kwamba hatagusa kilicho chake. Alichosema ni kwamba hana neno na mnyama, ila hataki kulambwa wala kukanyagiwa mkeka wake, akaongeza kwamba nywele za mbwa aziangalie mwenyewe mwenye mbwa. Tangu hapo tunafagia korido yote, si upande wetu tu.

Kubweka kuna vyanzo vyake. Mbwa wengi huitikia sauti ndefu zinazovutwa, viwe ving'ora au vipaza sauti, na Bisi alikuwa akiinua kichwa na kulia adhana ya alfajiri ikianza, jambo ambalo katika jengo letu lilikuwa la aibu. Tulimhamishia chumba cha ndani kisicho na dirisha la barabarani, feni ikiwa inazunguka kufunika sauti, naye akaacha. Umeme ukikatika mpango wote unavurugika, na inabidi mtu aamke kumshika. Akibweka mlangoni mchana kwa sababu ya hatua za watu, mwite kwa utulivu aje akae, umpe punje moja kutoka katika mgao wake wa siku. Ukimfokea, yeye hudhani mnabweka pamoja.

Joto la Dar es Salaam halimfai. Maltese hana manyoya ya ndani, ila nywele zake za juu hazikomi kurefuka, na mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema. Mnyoe ziwe fupi, mtoe nje mapema kabla jua halijapanda au baada ya kuzama, na kabla hajakanyaga lami iguse kwa mgongo wa mkono wako. Uwe mwangalifu na matandiko yake: yakianikwa nje na kubaki na unyevu, kuna nzi anayetaga mayai humo, na mabuu hupenya kwenye ngozi ya mbwa, na ya mtu vilevile, yakatoa majipu. Yapige pasi pande zote mbili, kama ulivyofundishwa kupiga nguo za mtoto mchanga.

Chanjo sitaieleza sana kwa kuwa daktari atakupa kadi yenye tarehe. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, hata kwa mbwa asiyetoka nje, na mtu yeyote aking'atwa hadi ngozi ikachubuka aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali. Kuhusu kiasi cha chakula, siwezi kukupa kipimo cha kijiko bila kujua umri wa mbwa wako, uzito wake, na kama kadi yake ya chanjo ulikabidhiwa pamoja naye. Yaandike hayo matatu, na utaje pia nani anabaki naye nyumbani mchana, kwa maana huyo ndiye atakayeubeba utaratibu wote huu wewe ukiwa kazini.