Maswali yenu kuhusu handaki la upepo (chumba chenye upepo mkali wa kutoka chini unaokuwezesha kuelea) na AFF (kozi ya kujifunza kuruka kwa parachuti kutoka kwenye ndege)

Kabla ya AFF ninunue dakika ngapi za handaki? (Sharjah)

Swali hili halikomi, na karibu kila anayeliuliza hasemi anataka kurekebisha nini. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, ukizigawa kwa siku mbili na kuwa na kocha anayeijua AFF. Piga hesabu: ukitoka kwenye ndege futi 13,000 na kufungua futi 5,500, unaporomoka kwa sekunde 45 hivi. Dakika 10 za handakini ni kama miruko 13. Ingia kwa zamu fupi za dakika mbili, kwa sababu mwili uliochoka hujifunza kukakamaa tu. Na ile video mnayouziwa mkitoka, itazameni na kocha kabla ya kuitupia mtandaoni.

Nikiachiwa tu narudi nyuma hadi naugonga ukuta. Mkufunzi ananionyesha vidole viwili, simwelewi. (Dubai)

Vidole viwili vilivyonyooka maana yake nyoosha miguu. Ulistahili kuelezwa kabla ya kuingia, na kama hukuelezwa, uliza. Umelipa.

Kinachokurudisha nyuma ni magoti uliyoyakunja kwa woga. Miguu inakosa upepo wa kuibeba, inashuka, kifua kinainuka, nawe unateleza kinyumenyume. Sukuma kiuno chini, inua kidevu, kisha kandamiza upepo kwa miundi hadi uuhisi sawasawa miguu yote miwili. Mmoja ukilegea, utaanza kuzunguka. Pumua pia! Wengi wenu hubana pumzi, na mwili wote unakuwa mkavu kama ubao.

Kwa kosa hili handaki linastahili kila dirhamu. Angani hakuna ukuta wa kukuonyesha kwamba unateleza. Wakufunzi wawili wamekushika, unajiona umetulia, na wakikuachia unawapotea.

Nimefikisha jumla ya saa mbili pale CLYMB, handaki la Kisiwa cha Yas. Naweza kusamehewa baadhi ya ngazi za AFF? (Abu Dhabi)

Hapana.

Saa hizo zitakusaidia sana, wala sizibezi. Lakini handakini ardhi haikujii. Unaweza kuelea pale Yas mpaka muda wako uishe, na hakuna kitakachokuadhibu kwa kutotazama altimita, kile kipimo cha kimo. Mwanafunzi aliyezoea hivyo huporomoka kwa umbo la kupendeza huku futi zikiyoyoma bila yeye kujua, na hilo linanitia hofu kuliko yule anayeyumbayumba lakini macho yake hayaiachi altimita. Kwa hiyo ivae hata ndani, itazame kila baada ya sekunde chache, na umalize kila zamu kwa kitendo cha kuvuta kishikio cha kufungulia parachuti: mkono wa kulia nyuma chini ya begi la parachuti, wa kushoto mbele juu ya kichwa, bila kupinda. Mjulishe kocha mapema ili asishtuke. Utulivu unaoununua una kazi moja, nayo ni kuiachia akili nafasi ya kufuatilia kimo.

Kisha kuna parachuti yenyewe. Kwa ripoti za miaka mingi za USPA, chama cha waruka parachuti cha Marekani, sehemu kubwa ya wanaokufa katika mchezo huu hufa parachuti zao zikiwa zimefunguka vizuri: wamekata kona kali karibu na ardhi, au wamegongana na wenzao. Hakuna dakika ya handaki inayofundisha kutua. Usikimbie ngazi, omba ziada ya mafunzo ya parachuti.

Bega langu liliwahi kuteguka. Niingie? (Muscat)

Daktari kwanza, na mkufunzi aambiwe. Likitoka handakini, upepo unapunguzwa na unatolewa nje. Likitoka angani, huenda ndio mkono wa kuvutia.

Naishi Mombasa, nataka kufanya AFF Diani. Nisafiri Dubai kwanza kwa ajili ya handaki? (Mombasa)

Ukiwa na safari zako za huko, pitia. Kukopa nauli kwa sababu hiyo, hapana. Watu walijifunza kuruka miaka mingi kabla ya mahandaki haya kuenea, na pesa hiyo itakufaa zaidi ukilazimika kurudia ngazi. Lala kifudifudi sakafuni kila jioni, inua kifua na mapaja, kiuno kibaki chini, fanya kitendo cha kuvuta. Ni bure.

Hukuuliza hili, lakini uko pwani: ukizamia kwa mtungi, acha saa 24 zipite kabla ya kupanda ndege ya kuruka. Mkufunzi akikuuliza kama jana ulikuwa chini ya maji, mwambie kweli hata kama utapoteza zamu yako.