Maswali ya Wasomaji: Dau Atalikalafati Nani?

SWALI: Bwana Mhariri, assalamu alaikum. Katika baraza letu hapa Majengo hatusikizani tena kwa sababu ya Manchester United. Wengi wetu twasema ukoo wa Glazer umeiangamiza klabu, lakini mzee mmoja mwenye matatu mbili anashikilia kwamba aliyenunua mali kwa mkopo, kisha akaulipa kwa mapato ya mali hiyo, hajamwibia mtu. Anaongeza kuwa wamenunua wachezaji wa bei kubwa, sasa wataka nini tena? Jumamosi iliyopita alikitua kikombe chake cha kahawa juu ya sinia kwa kishindo hata kashata zikaruka. Nani mwenye haki? Na kuja kwa Jim Ratcliffe, tajiri wa Kiingereza aliyenunua sehemu ya klabu, kumebadilisha nini? — Msomaji, Majengo

JIBU: Wa alaikum salaam. Mzee huyo msimkatize, kwa kuwa amelishika jambo mahali penye uzito kuliko wale wanaohesabu makombe tu. Kununua mali kwa mkopo ni biashara ya kila siku, na magari mengi ya abiria hapa Mombasa yameingia barabarani kwa njia hiyo. Malcolm Glazer naye aliinunua klabu mwaka 2005 kwa takribani pauni milioni 790, zaidi ya nusu yake ikiwa fedha za kukopa, na sehemu kubwa ya mkopo huo ikawekewa dhamana ya mali za klabu, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni.

Hata hivyo, niruhusu niiache matatu ya mzee nishike dau. Mtu akinunua dau kwa mkopo, samaki wa mwanzo wataenda kwa mdai, na mabaharia hawatanung'unika maadamu mwenye chombo analipandisha pwani kila msimu na kulikalafati, yaani kuziba nyufa zake. Manung'uniko huanza pale anapochukua fungu lake kila safari ilhali deni liko palepale na mabaharia wako ngamani, chini kabisa ya chombo, wanafua maji. Hivyo ndivyo mashabiki wa Manchester wanavyoliona jambo lao. Mwaka 2010 klabu ilikopa upya kiasi cha pauni milioni 500 ili kulipa madeni ya zamani. Mwaka 2012 hisa zilipouzwa katika soko la New York kwa dola 14 kila moja, karibu nusu ya fedha zilizopatikana zilikwenda kwa ukoo wenyewe, na hisa walizobaki nazo zina kura 10 kila moja, wakati ile anayonunua mtu wa kawaida ina kura moja. Kwa miaka kadhaa baadaye klabu iliendelea kuwalipa wenye hisa gawio, yaani fungu la faida, desturi ambayo ni adimu katika ligi ya Uingereza.

Wachezaji walinunuliwa, hilo halina ubishi. Paul Pogba peke yake aligharimu pauni milioni 89 mwaka 2016. Lakini muulizeni mzee fedha hizo zilitoka mfuko gani. Zilitoka kwenye tiketi, wadhamini na haki za televisheni, yaani katika samaki wa dau lenyewe. Roman Abramovich, aliyekuwa mmiliki wa Chelsea, kwa kulinganisha, aliikopesha klabu yake fedha zake karibu pauni bilioni 1.5, na alipolazimika kuiuza mwaka 2022 deni hilo likafutwa. Simsifu, kwani klabu inayotegemea mfuko wa mtu mmoja iligundua mwaka huohuo, serikali ya Uingereza ilipomwekea vikwazo, kwamba haiwezi hata kuuza tiketi mpya. Nasema tu kwamba kutumia fedha na kutoa fedha ni mambo mawili.

Kuhusu kukalafati, tarehe 12 Mei 2024, baada ya Arsenal kushinda bao 1 kwa 0 Old Trafford, mvua ilinyesha na maji yakamiminika kutoka paani hadi kwenye viti. Mechi hiyo niliitazama katika ukumbi wa video Makadara, kiingilio shilingi 50, chini ya mabati yenye kutu na matundu mawili ninayoyajua kwa majina, na picha zilipofika kwenye simu zetu, sisi wa chini ya mabati ndio tuliocheka paa la watu.

Msimnyime mzee hoja yake moja kubwa, ambayo nashangaa hakuitaja: kati ya mwaka 2005 na 2013, chini ya wamiliki haohao na deni hilohilo, klabu ilitwaa ubingwa wa ligi mara tano na kombe la mabingwa wa Ulaya mwaka 2008. Jibu langu ni kwamba kocha Alex Ferguson alikuwa nahodha anayeweza kulifikisha dau bovu bandarini. Yeye na mtendaji mkuu David Gill waliteremka mwaka mmoja, 2013, na tangu hapo ubingwa wa ligi haujarudi.

Ama Ratcliffe, alikamilisha ununuzi wa zaidi ya robo ya hisa mwezi Februari 2024 na kuahidi dola milioni 300 za ziada, jambo ambalo ni la heri. Lakini wafanyakazi wapatao 250 walipunguzwa mwaka huohuo, na katikati ya msimu tiketi zilizosalia zikapandishwa hadi pauni 66 bila nafuu kwa mtoto wala mzee. Kwa maoni yangu alianza kupunguza chakula cha mabaharia kabla ya kulipandisha dau pwani, na kura nyingi bado zi mikononi mwa ukoo uleule.

SWALI: Mbona sisi wa Arsenal hatumpigii tena kelele mmiliki wetu, Kroenke? — Msomaji, Likoni

JIBU: Kwa sababu mnashinda. Mwezi Aprili 2021 maelfu ya mashabiki walikusanyika nje ya uwanja wa Emirates wakimtaka aondoke, baada ya jaribio lililoshindwa la kuunda Ligi Kuu mpya ya Ulaya. Tangu hapo amefungua mfuko, Declan Rice, kiungo aliyenunuliwa mwaka 2023, akiwa mfano mmoja. Lakini haki aliyoifunga mwaka 2018, alipomiliki hisa zote na wenye hisa ndogo ndogo wakapoteza kiti chao katika mkutano mkuu, haijafunguliwa, na mkianza kufungwa mtakumbuka kwamba hamna pa kuuliza.

SWALI: Tangu klabu yetu ya Feisal itwae ubingwa wa Kenya mwaka 1965 Mombasa tunangoja. Je, si bora tajiri mmoja aichukue timu ya Bandari? — Msomaji, Kisauni

JIBU: Bandari ni ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, kwa hiyo mshahara wa mchezaji pale Mbaraki hautegemei furaha ya mtu mmoja, na sioni haraka ya kuuacha utaratibu huo. Tajiri akija kwa timu nyingine yoyote ya Pwani, wanachama waangalie jirani zetu wa Tanzania, ambako katika klabu kama Simba wanachama huwekewa asilimia 51 na mwekezaji 49. Pia waandike mapema, kwa wino, kwamba jina, rangi na uwanja haviuzwi. Cardiff City ya Wales ilivaa buluu kwa zaidi ya miaka 100 hadi mmiliki wake, Vincent Tan, alipoibadilisha kuwa nyekundu mwaka 2012. Mashabiki wengi walikwenda uwanjani na buluu yao ileile wakiitazama timu yao ikicheza kwa nyekundu, na buluu ilirudishwa Januari 2015.