Aliyekuita nani?

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata Jumatano pamoja na karafuu, zimefika kavu.

Unaniuliza umwambieje yule kijana wa darasa lako la kipaimara hapo Weti, wa miaka 16, anayesema Mungu amemwita awe padri, na wazazi wake wanataka akasome uhasibu. Umtie moyo au umtulize? Nimeisoma mara tatu, na kila nikitaka kukujibu namwona kaka yako.

Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka kilio changu tu. Alikuwa na umri huohuo, anatumikia altareni Mkunazini, na sauti yake unaijua. Mimi nilikwisha kuamua: huyu padri. Niliwaambia shangazi zako, nikawaambia kina mama wenzangu kanisani. Likizo akienda Nungwi kwa rafiki yake wa skuli, akirudi ananuka sifa, mafuta ya papa ya kupaka vyombo, na vidole vimechubuka, nami namhimiza akaoge. Sikumuuliza hata siku moja alikuwa akifanya nini huko.

Nikampeleka kwa padri ili aandikiwe barua ya kwenda kusomea. Padri akamkalisha, akamuuliza jambo moja tu: "Aliyekuita nani?"

Kaka yako akanitazama. Akasema, "Mama."

Hakulisema kwa jeuri, mwanangu. Aliulizwa, akajibu kweli. Hadi leo nikipita mlango ule nalisikia. Padri hakucheka. Alifungua Samweli wa Kwanza, sura ya 3, akatusomea pole pole: mtoto anamkimbilia Eli, "Mimi hapa, maana umeniita," na yule mzee anamwambia, "Sikuita, kalale tena." Kisa hicho nimekifundisha Jumapili ngapi? Wala sikuwahi kuona kwamba Eli, pamoja na macho yake mabovu, alijua kusema sikuita. Mimi sikujua.

Na mimi ndiye niliyewaambia nyote, tangu mko wadogo: mtu mtazame mikono kabla ya kumsikiliza maneno. Wa kwangu sikumtazama.

Lakini hapo huwa nabishana na nafsi yangu. Cecil Majaliwa alikombolewa utumwani akiwa mtoto. Nani alimuuliza anataka nini alipopelekwa Kiungani, skuli ya misheni ya Kianglikana hapa Unguja? Wamisheni walimsomesha, na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Basi Mungu hupitia pia katika sauti za watu, na kwa nini isiwe yangu? Kisha najijibu: sauti ya mtu yaweza kumtoa kijana nyumbani. Kumkalisha Chitangali, bara, mbali na waliomlea, miaka na miaka akiwahudumia watu, hiyo si kazi ya sauti ya askofu peke yake. Naona hivyo. Siku nyingine sioni hivyo.

Kaka yako alirudi Nungwi. Fundi aliyempokea ni mzee wa Kiislamu. Kila Jumapili alimwachia aje mjini kusali, hakumkata ujira. Nilipokwenda mara ya kwanza nilimkuta ameinama ubavuni mwa jahazi, anatia kalafati, anashindilia pamba kwenye kila mwanya wa mbao, na huku anaimba wimbo wa komunyo. Mzee akaniambia, "Huyu haachi mwanya, mama. Watu watasafiri wamelala." Nikakaa juu ya gogo, nikalia. Kama ule si utumishi, sijui utumishi ni nini. Na bado, nisikufiche, Pasaka nikimsikia akiimba moyo wangu husema: lo, angekuwa padri huyu.

Sasa huyo wako. Kabla hujasema naye habari ya wazazi, muulize aliyemwita nani, kisha unyamaze hata kama atakawia kujibu. Isije ikawa aliyemwita ni wewe, kwa jinsi unavyowapenda. Mtazame mikono. Mpe kazi isiyo na kanzu wala watu wa kumsifu, ampelekee mgonjwa chakula mpaka kwaresima iishe, uone kama atakwenda siku ya mvua. Usimtangaze kanisani. Uhasibu nao usiufanye adui. Sadaka zetu zinahitaji mtu mwaminifu wa kuziandika, na Samweli hakuitwa mara moja.

Unataka niseme ni padri au si padri. Hilo uliloniandikia, kwamba kila Jumapili anabaki nyuma kumshika mkono yule mzee kipofu mpaka kwake, bila kuambiwa, linaniwasha ulimi. Lakini sisemi, nilikwisha kusema mara moja katika maisha yangu. Mlete Pasaka nimuone. Kaka yako atakuja na mashua kuwapokea bandarini.

Mama yako