Maswali Yenu: Meza ya Kazi ya Gereji kwa Mbao za Paleti, Milango Mikuukuu na Vyuma Chakavu

Swali: Hongereni kwa kazi, mafundi. Nimeunda meza ya kazi kwa mbao za paleti, urefu wa mita 1.8. Mzigo inabeba bila shida, lakini nikianza kupiga randa au kukata kwa msumeno wa mkono inayumba mpaka vifaa vinadondoka. Nimeongeza misumari mara mbili na hali ni ileile. Nibadilishe miguu iwe minene?

Jibu: Miguu iache kwanza, ndugu. Kubeba mzigo na kutoyumba ni mambo mawili tofauti. Mzigo unashuka wima, na hata miguu myembamba inaumudu. Randa na msumeno vinasukuma kwa ubavu, na hapo kazi yote iko kwenye viungo. Fremu ya pembe nne italala upande hata ikiwa ya mbao nene, mradi viungo vyake vinacheza kidogo. Pembe tatu haibadiliki umbo mpaka mbao ivunjike au kiungo king'oke.

Misumari haikusaidia kwa sababu msumari uliopigiliwa kwenye kichwa cha mbao, ukaingia sambamba na nyuzi, unashika kidogo mno. Kila mtikisiko unapanua tundu lake, na kila msumari unaoongezwa unaipasua mbao zaidi.

Meza yako inaokoka bila kubomolewa. Pima ulalo wa upande wa nyuma mara mbili, kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kinyume chake. Sukuma fremu mpaka vipimo viwili vilingane, uishike hapo kwa klempu au kamba. Paka gundi, kisha funga plaiwudi ya mm 9 mgongoni kote, skrubu moja kila mm 150. Huna plaiwudi? Mbao moja ya paleti iliyokazwa kwa mshazari, kona hadi kona, inafanya kazi hiyohiyo. Mbao za paleti ni fupi, kwa hiyo ukilazimika kuunga mbili, zipishane angalau mm 300 na uzikaze kwa bolti. Pande fupi za meza nazo zinataka mishazari, na kipande cha mm 400 kila upande kinatosha. Mbele usiweke kitu, la sivyo magoti yako ndiyo yatakayolipa.

Halafu iongezee uzito. Weka rafu chini, mm 150 hivi kutoka sakafuni, na juu yake mifuko miwili ya mchanga ya kilo 30. Meza nyepesi husogea kila randa inaposukumwa, hata viungo vyake vikiwa imara.

Swali: Mimi naanza upya, nina mbao za inchi mbili kwa nne zilizotoka kwenye paa lililobomolewa. Nipeni vipimo kamili vya fremu isiyoyumba, na idadi ya kila kitu.

Jibu: Hapa tutakaa kidogo, maana fremu ndiyo meza. Pesa yako chache iweke kwenye bolti na gundi. Mbao za kuokota zinatosha kabisa kwa yaliyobaki.

Kabla ya msumeno kugusa mbao, pitisha sumaku kila upande. Msumari uliovunjikia ndani hauonekani, na mmoja tu unang'oa meno ya msumeno wa mashine, huku vipande vyake vikiruka usoni. Mbao yenye vitundu vidogo vinavyomwaga unga laini ukiigonga bado ina wadudu, usiiingize gerejini. Ile iliyolala mvuani ipange ndani, na fito katikati ya kila tabaka hewa ipite, uiache wiki kadhaa. Ukiijenga mbichi, itasinyaa na kujipinda ikiwa tayari imefungwa.

Fremu hii ina urefu wa mm 1600 na upana wa mm 600. Uso wa meza utatokeza mm 100 kila mwisho. Kila mguu ni tabaka mbili za mbili kwa nne. Tabaka la ndani ni mbao nzima ya mm 860. Tabaka la nje ni vipande viwili: cha mm 150 chini, na cha mm 510 juu yake, ila kati yao unaacha nafasi ya mm 100. Juu kabisa inabaki nafasi nyingine ya mm 100. Ndani ya nafasi hizo ndimo zinamokaa mbao ndefu za mlalo, ya chini na ya juu. Jumlisha: 150, 100, 510, 100, ni 860. Uso wa meza ukiwa na unene wa mm 40, unapata kimo cha mm 900.

Faida ya mpango huu ni kwamba mzigo unakaa juu ya mbao, na mbao inakaa juu ya sakafu. Bolti hazibebi chochote. Kazi yake ni kubana tu. Ukifunga mbao ya mlalo ubavuni mwa mguu bila kituo cha kuikalia, mzigo wote unaning'inia kwenye bolti, na baada ya muda tundu linapanuka na kuwa na umbo la yai.

Tahadhari moja: mbili kwa nne iliyopigwa randa kiwandani huwa pungufu ya mm 50 kwa 100. Pima mbao zako mwenyewe, na nafasi ziachie upana wake halisi. Kiungo kikiingia kwa kugongwa kidogo kwa nyundo ya mpira, kiko sawa. Kikiingia chenyewe, umekata zaidi.

Mbao za mlalo ndefu ni nne za mm 1600, mbili mbele na mbili nyuma. Za upande ni nne za mm 600. Za kubeba uso ni mbili za mm 500, zinazounganisha mlalo wa juu wa mbele na wa nyuma, ili uso usiachwe bila tegemeo kwa zaidi ya sm 50 hivi. Ukijumlisha na miguu ni mita 16. Kusanya 18, kwa kuwa mbao za kuokota zina nyufa na mafundo ya kuyakwepa.

Bolti ni M10, yaani za unene wa mm 10, zenye urefu wa mm 120, mbili kila kiungo cha mbao ndefu, jumla 16, na washa pana (vile vipete bapa vya chuma) pande zote mbili. Zikae kwa mshazari, moja juu kushoto na nyingine chini kulia, kila moja mm 25 kutoka ukingoni. Zikiwa kwenye mstari mmoja wa nyuzi, mbao hupasuka hapo. Za upande zikaze kwa gundi na skrubu nene za spana za mm 8 kwa 100, mbili kila kiungo, na uzipishe na bolti kwa kimo la sivyo zitagongana ndani ya mguu. Toboa tundu la mm 5 kwanza. Baada ya mwezi rudi na spana ukaze bolti zote, kwani mbao inaendelea kukauka na kusinyaa.

Mgongoni weka mshazari kama tulivyomjibu ndugu wa kwanza. Hata fremu hii inauhitaji.

Swali: Nimepewa mlango wa zamani. Unafaa kuwa uso wa meza?

Jibu: Inategemea tumbo lake. Gonga katikati kwa kifundo cha kidole, halafu gonga ukingoni. Sauti ikibadilika, katikati ikalia wazi na ukingoni butu, mlango una utupu ndani: ngozi mbili za plaiwudi nyembamba na viboksi vya karatasi ngumu katikati. Mlango wa namna hiyo mtu mmoja anaubeba kwa mkono mmoja. Ufanye rafu, au meza ya kukunjia karatasi na kushonea. Usiufungie jiriwa, kile kibano cha chuma cha mezani, wala kupiga nyundo juu yake, utatoboka.

Mlango uliojaa ni hazina. Unene wake kwa kawaida ni mm 35 hadi 45, na umekwisha kauka kwa miaka mingi, hivyo haujipindi tena kwa urahisi. Hata hivyo uhakikishe kwa fito mbili zilizonyooka. Laza moja kila mwisho wa mlango, inama jicho liwe sawa na kimo chake, utazame ukingo wa juu wa fito ya karibu dhidi ya ile ya mbali. Zikienda sambamba, mlango uko sawa. Kona moja ikipanda, umejipinda. Weka kabari nyembamba kati ya mlango na fremu kwenye kona iliyopanda kabla ya kukaza. Ukiukaza bila kabari, fremu nzima itafuata upindo huo.

Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usiipige msasa mkavu. Ifunike kwa hadbodi (ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya mm 3 hadi 6, ukiishika kwa skrubu chache zilizozamishwa kichwa. Hadbodi ikichakaa kwa mafuta na patasi unaibadilisha, na mlango unabaki vilevile. Tundu la kitasa liweke upande wa nyuma, upitishie waya wa umeme wa vifaa.

Wapo watakaokosa mlango na kutumia plaiwudi mbili za mm 18. Zibandikeni kwa gundi uso wote. Plaiwudi mbili zilizolazwa tu juu ya nyingine zina ugumu mara mbili wa moja; zikibandikwa zikawa kitu kimoja, ugumu unafika mara nane. Gundi kidogo inazaa tofauti kubwa kiasi hicho, na bado watu wengi huiruka.

Swali: Kimo sahihi ni kipi?

Jibu: Simama wima na viatu vya kazi, mikono ikining'inia, upime kutoka sakafuni hadi mkunjo wa kifundo cha mkono. Hicho ndicho kimo cha kazi mchanganyiko. Kwa randa nyingi punguza mm 50, upate kusukuma kwa uzito wa mwili. Kwa kazi ndogo za macho, kama kuchomelea risasi kwenye vifaa vya umeme, ongeza mm 100 hadi 150.

Swali: Jiriwa niliyofunga mwishoni mwa meza inainua ubao kila nikikaza chuma kirefu. Na chuma kirefu chenyewe hakisimami wima ndani yake. Nimekosea wapi?

Jibu: Mahali pawili. Kwanza, jiriwa inakaa karibu na mguu, kwa kadiri bolti zitakavyoruhusu, siyo kwenye ubao unaoelea hewani. Chini ya uso ongeza kipande cha mbao ngumu cha mm 50, na chini yake bamba la chuma la mm 5 lililotobolewa kulingana na jiriwa. Bolti zipite zote tatu. Skrubu za mbao zitang'oka tu, kwani mpini wa jiriwa unapovutwa unaziinua kama mtaimbo.

Pili, taya lisilosogea litokeze mm 5 hadi 10 mbele ya ukingo wa meza. Likiwa nyuma ya ukingo, kitu kirefu kinagonga ubao badala ya kushuka wima hadi chini. Kwa kazi ya tupa, sehemu ya juu ya taya iwe sawa na kiwiko chako.

Swali: Ninavyo vyuma vya pembe vya kitanda na pipa la mafuta. Nataka fremu ya chuma. Keekee za kutobolea zinaungua tu kwenye hivyo vya kitanda, kwa nini?

Jibu: Vyuma vya vitanda vingi vina kaboni nyingi kuliko chuma cha kawaida cha ujenzi, kwa hiyo ni vigumu. Vijaribu kwa tupa: ikiteleza bila kung'ata, ndivyo vilivyo. Kwenye grinda cheche zake zinapasuka matawi mengi mafupi. Za chuma laini ni ndefu na zimenyooka. Anza na tundu la mm 4, mwendo wa polepole, mafuta kila baada ya sekunde chache, na mkandamizo wa kutosha keekee iendelee kukata. Ikizunguka bila kukata, inasugua, inapata moto na kukigandisha chuma kiwe kigumu zaidi. Kwa fremu, bolti ni salama kuliko kuchomelea, kwani chuma cha namna hii hupenda kupasuka pembeni mwa mshono kikipoa haraka.

Pipa usilikate wala kulichomelea. Hata lililokaa wazi miaka mingi lina mabaki yanayotoa mvuke, na cheche moja inatosha kulilipua. Mabomba yaliyopakwa zinki nayo yakichomwa hutoa moshi unaoleta homa kali. Ondoa zinki kwenye sehemu ya mshono kwanza, na fanyia kazi hiyo nje.

Swali: Paleti zina mihuri. Inamaanisha nini? Na je, naweza kupaka mafuta machafu ya injini ili mbao isioze?

Jibu: Tafuta herufi ndani ya muhuri wenye picha ya suke la ngano. HT ni mbao iliyopashwa moto mpaka ndani kabisa ikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, hiyo chukua. MB ilifukizwa kwa methili bromaidi, sumu ya wadudu, iache. Yenye madoa ya mafuta au harufu ya kemikali iache pia hata ikiwa na HT, kwani muhuri hauelezi ilibeba nini baadaye. Kuzing'oa mbao, usitumie mtaimbo. Misumari ya paleti mara nyingi imesokotwa na mbao zitapasuka. Pitisha utepe wa msumeno wa chuma katikati ya mbao na boriti, ukate misumari.

Mafuta machafu hapana. Yana kemikali zinazosababisha saratani zinazopita kwenye ngozi, hayakauki, na gundi haitashika tena juu yake. Miguu inaoza kwa unyevu wa sakafu ya zege, basi weka kipande cha mpira wa tairi chini ya kila mguu. Usoni paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka mbili nyembamba, ukifuta yanayobaki. Kitambaa ulichofutia kisifinyangwe kikatupwa pembeni: mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kushika moto chenyewe. Kitandaze nje kikiwa wazi mpaka kikakamae, ndipo ukitupe.