Sukari si wanga, lakini zote ni kabohaidreti

SWALI: Mama yangu ana kisukari, na kliniki wamemwambia apunguze wanga. Ugali na wali ameacha, ila juisi ya miwa anakunywa, eti haina wanga. Mwanangu wa sekondari anasema neno sahihi ni kabohaidreti. Nani tumfuate? Halafu, ni "wanga mwingi" au "wanga nyingi"?

JIBU: Kwa neno lenyewe, mama hajakosea: utamu wa muwa ni sukari, si wanga. Tatizo ni kwamba wahudumu wengi wakisema "wanga" wanakusudia ukoo mzima, sukari na wanga pamoja, na jina la ukoo ndilo hilo la mwanao, kabohaidreti.

Jina hilo limeunga kaboni na maji. Glukosi, ile sukari inayopimwa kwenye damu, ina kaboni 6, haidrojeni 12 na oksijeni 6, hesabu ileile ya kaboni 6 na maji 6, ingawa humo ndani hakuna maji ya kukamua. Fruktosi, sukari ya matunda, ina hesabu hiyohiyo ila imepangwa vingine. Ziunganishe hizo mbili, molekuli moja ya maji itoke, unapata sukrosi: ndiyo sukari ya chai, na ndiyo iliyomo kwenye glasi ya mama.

Wanga ni glukosi tupu, mamia kwa maelfu, zimetungwa kama ushanga. Tafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha bila kumeza. Baada ya muda utaonja utamu, kwa kuwa mate yameanza kukata uzi. Mwili nao huweka akiba yake ya glukosi kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni. Selulosi ya majani na mbao pia ni glukosi, ila zimefungwa kwa fundo ambalo tumbo letu haliwezi kulifungua. Ng'ombe anaweza, kwa msaada wa vijidudu vya tumboni mwake. Kwetu sisi hizo ni nyuzinyuzi. Wapo wanaoziita "makapi-mlo", neno nisilolipenda: makapi ni ya kupepetwa yatupwe, na hizi tunahimizwa tuzile.

Kuhusu sarufi, andika "wanga mwingi", "wanga huu", kama uji na unga. Neno halina u- mwanzoni, ndiyo maana watu hulipeleka watakako. Ila jihadhari na "wanga wengi". Hao ni wachawi, wingi wa mwanga, na bango la afya linalosema "epuka wanga wengi" litaeleweka vizuri sana, ila si kwa habari ya chakula.

Basi mwanao aandike kabohaidreti kwenye mtihani. Mama yeye mwambieni "wanga na sukari", maneno yote mawili, na akirudi kliniki aitaje na ile juisi.